Ufunguo wa Bomba la Kitangari

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kikao cha kamati ya maji kimekwisha salama. Msimamizi wa bomba letu amehamia kwa mwanawe Mtwara, ufunguo umebaki kwa Mzee Ashiru, mwenyekiti. Wanaoutaka ni wawili tu: mimi na Mama Twahiru. Mzee kaamua kila mmoja asimamie siku moja, Mama Twahiru Jumamosi, mimi Jumapili. Jumatatu kamati itachagua.

Nautaka ufunguo ule. Nina miaka arobaini na mmoja na sijawahi kukabidhiwa ufunguo wa kitu cha watu. Hata wa stoo ya msikiti alipewa shemeji yangu, naye husahau kwake mlango uko upande gani.

Shida ni Mama Twahiru. Anaijua ndoo ya kila mtu kitongoji kizima, na foleni yote anayo kichwani. Kwa kumbukumbu simwezi. Basi nitamweza kwa kompyuta.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Magdalena, anayefundisha kompyuta sekondari. Akasema programu ni maagizo tu, moja baada ya jingine, na kompyuta haikisii wala haina haya; itafanya ulichoandika, si ulichokusudia. Akanionyesha “kama hivi, basi vile”. Akanionyesha na “rudia”. Nimeelewa yote kwa saa moja. Ajabu kwamba watu husomea hili miaka mitatu.

Nikamwambia kesho nanunua laptopu. Akaniandikia karatasi: iliyotumika si mbaya, lakini RAM isipungue GB nane, diski iwe SSD, ile ya kasi, na niiwashe bila kuichomeka nione betri inakaa muda gani. Nikashukuru, nikaiweka karatasi mfukoni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 6 Novemba

Masasi, kupitia Newala. Muuzaji alikuwa na laptopu sita mezani. Aliniuliza naitaka ya kazi gani, nikamwambia anyamaze kwanza, nipime.

Nimeuza korosho miaka kumi na sita. Korosho nyepesi ndani haina kitu, hilo hata mtoto wa Chiwata analijua. Nikazibeba zote, moja moja, mkono huu na mkono huu. Ile ndogo ya kijivu, ambayo muuzaji alisema ndiyo yenye SSD, nyepesi kama sahani ya bati. Nikaicheka. Nikachukua nyeusi, nene, iliyonivuta bega mpaka stendi.

Nikamchukulia na mke wangu simu yenye kamera nne. Usiku Swaumu akagundua tatu ni vioo vilivyobandikwa, hakuna kitu nyuma yake. Akasema hela ile ilikuwa ya bati za jikoni. Nikamwambia nikipata ufunguo, hatazikumbuka bati. 

Alhamisi, 7 Novemba

Laptopu inachukua dakika kumi na moja kuwaka. Ukiichomoa, inazima papo hapo. Si kitu. Nimepatana na kinyozi aliye mkabala na bomba, atanipa umeme kwa waya mrefu.

Nimeandika programu kutwa. Inaita majina kwa mfuatano wa ndoo, kwa sauti, kupitia spika ya kinyozi. Nimeongeza na sheria yangu mwenyewe, ya nidhamu: kama mwenye ndoo hayupo akiitwa, aende mwisho wa foleni. Rudia mpaka ndoo zote zijae. Nimeijaribu kwa jina langu na la Swaumu. Tulikuwepo wote wawili, ikafanya kazi barabara.

Mwalimu Magdalena alipita, akaniuliza je, asiporudi kabisa? Nikamwambia atarudi, maji ni yake. Akasema nijaribu na majina mengi zaidi. Walimu wanapenda kazi zisiishe.

Jumamosi, 9 Novemba

Zamu ya Mama Twahiru. Nimekaa kwa kinyozi kuchunguza. Hakuna mpango wowote. Ndoo zimepangwa tangu alfajiri, wenyewe wako mashambani. Waliopo wanajaza za wasiokuwepo na kuzisogeza pembeni. Mtu anajaza ndoo ya jirani, hata hamwulizi! Maji yalipokatika saa nne, ndoo zote arobaini zilikuwa zimejaa. Bahati tu.

Mama Twahiru aliniona, akanisalimia vizuri, akaniambia, Baba Ziada, karibu kesho, nami nitakuja kukusaidia. Nikamwambia asijisumbue, mashine haihitaji msaidizi.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika haraka kabla sijabadilisha mawazo ya kuandika.

Saa mbili maji yakatoka. Ndoo arobaini, watu saba. Wengine shambani, wengine kanisani. Mashine ikaita wa kwanza, Bi Yuliana. Hayupo. Mwisho wa foleni. Wa pili hayupo, mwisho. Wale saba walichota kwa heshima kila walipoitwa, nikafurahi sana. Kisha zikabaki ndoo thelathini na tatu, na kila mwenyewe hayupo, na kila mmoja anakwenda mwisho nyuma ya mwenzake ambaye naye hayupo. Mashine ikarudi kwa Bi Yuliana. Hayupo. Ikaendelea hivyo saa nzima na nusu. Bi Yuliana ameitwa mara ishirini na sita, naye yuko Chidya kwenye harusi.

Wale saba wakataka kuwajazia wenzao. Nikazuia bomba kwa mwili wangu. Nikasema mashine haijaruhusu. Mama Twahiru akaniambia polepole kwamba hapa ndoo ndiyo mwenyewe. Ndoo ikiwepo, mtu yupo. Nikamwambia hilo haliko kwenye programu.

Saa nne maji yakakatika. Kanisani wakatoka. Mwalimu Magdalena akaikuta ndoo yake kavu, akaitazama, akanitazama. Spika ilikuwa bado inamwita Bi Yuliana na sikujua namna ya kuizuia, nikachomoa waya. Mzee Ashiru alikuja na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa sana.

Swaumu amepika kwa maji ya kuazima. Nimeona aibu. Nimekula hivyohivyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Ufunguo kapewa Mama Twahiru. Mikono yote ilinyooka, wa Swaumu pia.

Kibaya zaidi, Mwalimu Magdalena kaomba programu yangu, kafuta mstari wa nidhamu, kaweka hesabu ya ndoo badala ya watu, kaitia kwenye simu ya Mama Twahiru. Simu ya kawaida, kamera moja. Mzee Ashiru kasema kazi yangu ilikuwa na faida, tatizo ni mimi. Nimelala mchana kwa huzuni.

Lakini wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sijakubali.

Jumanne, 12 Novemba

Swaumu kanituma nipange ndoo foleni. Nimeipanga alfajiri, ya kumi na tisa, nikarudi nyumbani kuandika programu mpya, ya kuwasimamia wasimamizi. Nikazama kazini. Nilipokumbuka maji, ilikuwa saa tano.

Nikatoka mbio. Ndoo yangu iko mlangoni, imejaa, imefunikwa kwa sahani isiingie vumbi. Jirani kasema waliijaza zamu yangu ilipofika, na Mama Twahiru mwenyewe akaibeba kichwani mpaka hapa, kwa sababu sikuwepo.

Nimekunywa vikombe viwili. Yalikuwa ya baridi, matamu. Kisha nimekaa kumwandikia Mzee Ashiru barua ya malalamiko, kurasa mbili, kwamba chini ya msimamizi mpya mtu asiyekuwepo anapewa maji.