Kabeji ni Jua, Dunia ni Punje ya Wimbi

Jumatatu, 11 Juni 2007

Salamu nyingi kwako, kitabu. Mimi mzima. Baba Nanyama mzima, ila mgongo. Nanyama mzima, Sifuna mdogo mzima. Mama mkwe Nakhumicha analalamika, kwa hivyo ni mzima kabisa. Nimezoea kuandika barua tu, univumilie.

Habari kubwa! Mwalimu Hezekiah amemchagua binti yangu Nanyama aonyeshe ukubwa wa ulimwengu siku ya Ijumaa, mbele ya wazazi na wageni wa kutoka Parklands. Akishinda, ataenda mashindano ya mkoa. Kibe, mtoto wa jirani yangu Wahu, ana volkano ya udongo. Wahu ameshaitangaza nyumba zote za ploti yetu.

Jumatano, 13 Juni

Nanyama amenieleza. Jua ni kabeji, litakaa langoni mwa shule. Dunia itakaa mbali, kwenye goli la uwanja. Dunia ni punje ya wimbi. Punje moja! Nikamuuliza kama haiwezi kuongezwa hata kidogo. Akasema hesabu haibembelezwi.

Wahu akachungulia mlangoni, akaiona punje, akauliza kama unga umetuishia.

Alhamisi, 14 Juni

Nimepata njia. Watu waje na magari yao, kisha uwaonyeshe punje? Nimefika sokoni Ngara, nikachagua chungwa nene, nikalipaka mafuta ya kupikia. Linang'aa! Nimelitia kwenye kikopo chake cha dunia. Punje nimeirudisha kwenye unga wa uji. Nanyama hajui. Atanishukuru.

Ijumaa, 15 Juni

Aibu. Sina neno lingine.

Wageni walitembea kutoka kwenye kabeji hadi golini. Nanyama akawaomba wainame sana, maana Nairobi yote na bahari zote zimo humu. Wakainama, hata mama mmoja mwenye kofia ya harusi. Akafungua kikopo. Chungwa.

Walicheka. Msimamizi wa mashindano akasema kwa dunia kama hiyo, jua lingelishinda darasa kwa ukubwa. Kabeji ni ya nini?

Nanyama akanitafuta kwa macho, akanipata. Kisha akasema polepole, "Ni mimi nilikosea, Mwalimu."

Nami nikatazama viatu vyangu. Mdomo huu unaomjibu Wahu kila asubuhi haukufunguka. Volkano ikashinda.

Jumamosi, 16 Juni

Nimemfuata Mwalimu Hezekiah mpaka Dagoretti Corner, nikamwambia yote mbele ya muuza viatu. Nafasi ya mkoa imeshapotea, lakini Jumatatu Nanyama ataonyesha tena mbele ya shule nzima.

Nanyama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Akanieleza tu kwamba nyota iliyo jirani yetu zaidi ingekuwa kabeji nyingine, ng'ambo ya bahari. Baada yake nyingine, na nyingine. Nikauliza zinaishia wapi. Akasema labda haziishi. Nikaona haya upya. Uumbaji wote huo, na mimi nagombania kamba ya nguo na Wahu.

Nimeapa sitagusa tena kazi ya mtoto.

Jumapili, 17 Juni

Lakini nyota moja tu? Wahu atasema tumekosa kabeji ya pili.

Nimenunua kabeji kubwa kuliko zote sokoni na kuipakia kwenye basi la Webuye, kwa dada yangu Rael. Webuye si ng'ambo ya bahari, najua, lakini ukisimama golini nani ataona? Nanyama hajui. Atanishukuru.

Rael, nyota ikifika, nipigie haraka kabla ya Jumatatu asubuhi. Na tafadhali usiipike.