Jani la Kiswidi Haliwezi Kuomba Msamaha

Bredäng, Stockholm,
Julai.

Kwa Shemeji Ludovic,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Marangu.

Shemeji mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu kutoka huku ambako jua la kiangazi halitaki kulala, na mimi pia silali, kwa sababu ya mdogo wako Cyprian. Naandika kwa heshima zote kukishtaki kichwa cha mume wangu, maana sehemu nyingine za mwili hazina kosa. Naomba barua hii isomwe mbele ya wazee wote, tena kabla pombe ya mbege haijatolewa.

Kama unavyojua, tuna kishamba cha kukodi karibu na stesheni ya treni ya Tumba. Waswidi wanakiita koloni, nasi tulilikubali jina hilo bila kinyongo. Hapo nimelima mboga tangu binti yetu Rebecka akiwa mgongoni. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Cyprian ameleta mawe. Majirani wote huokota mawe na kuyatupa nje ya shamba. Yeye anayaingiza kwa toroli, kisha anapanda maua katikati yake. Anasema ni maua ya milima mirefu, maua ya kudumu, yanayolala chini ya theluji na kuamka yenyewe mwakani. Nikamwuliza, kama yanaamka yenyewe, mbona kila asubuhi unakwenda kuyaamkia?

2. Wewe unamjua. Amezaliwa mlima ukiwa mlangoni na hajawahi kuupanda hata kufika kibanda cha kwanza. Lakini Waswidi wa chama cha bustani, waliposikia ametoka Kilimanjaro, walimwona bingwa wa mimea ya mlimani, wakamwomba awafundishe. Naye amekubali! Jumamosi hii watakuja kumsikiliza mtu aliyekulia migombani akiwaeleza baridi ya kileleni. Amenunua na kofia.

3. Hili ndilo linaloniuma, nisikufiche. Mbegu za mnafu alizonifungia marehemu mama yenu kwenye kitambaa, mwaka huu nilizipanda zote. Zikaota vizuri. Siku moja natoka kazini kule ninakotunza wazee, nakuta tuta limegeuka kilima cha mawe. Cyprian aliung'oa mnafu wote kwa sababu kitabu chake cha Kiswidi kimeuchora kwenye ukurasa wa magugu. Mnafu wa mama yake mzazi! Mboga iliyomlea! Nililia mbele za watu. Hortense, Mkongo tunayepakana naye, aliacha mchicha wake, ambao yeye anauita lengalenga, akaja kunishika mkono, akasema kwao Bukavu mume wa hivyo anarudishwa kwa mama yake. Nikamwambia mama yake ndiye aliyeng'olewa. Rebecka naye, nilipotaka anitetee, alinijibu kwa Kiswidi kwamba maua ya baba ni mazuri.

4. Kesho yake Cyprian alipiga magoti mlangoni, jani mkononi. Unaijua sheria yetu: aliyekukosea akikuletea jani la isale, huna ruhusa ya kumnyima msamaha. Lakini masale hayaoti Uswidi. Kwa hiyo bwana huyu alichuma jani la ua lake la mlimani, akadai eti linahimili baridi kuliko isale lenyewe, hivyo nguvu yake ni kubwa zaidi. Nilimrudishia jani lake, nikahamia huku Bredäng kwa dada yangu Gladness.

5. Nikitazama mbele naona hatari kubwa. Cyprian ni kitinda mimba, na kwa mila yetu kihamba cha mama, shamba lote la migomba na kahawa, ni chake. Leo ameng'oa mnafu Tumba. Kesho atarudi Marangu na kitabu chake, ataitafuta migomba humo kitabuni, na asipoiona ataihesabu kuwa magugu. Kahawa itafuata. Ng'ombe wa zizini watakula nini, kokoto? Ukoo mzima utaishia kununua ndizi kwa watu wa mabondeni, na aibu hiyo, Shemeji, itaandikwa kwa jina lako wewe mwenyekiti.

Kwa hiyo naomba kikao kiamue hivi. Kwanza, kihamba kikae mikononi mwako mpaka Cyprian aweze kuutambua mnafu bila kusoma. Pili, akatazwe kujiita mtu wa mlima mbele ya wageni. Tatu, na hili ndilo kubwa, itangazwe wazi kwamba jani lolote lililoota Ulaya, hata liwe la kudumu namna gani, haliwezi kumwombea Mchagga msamaha. Msimamo wangu hautabadilika.

Nisalimie Mama Jonas na watoto, mashangazi wote, Padre, wanakwaya, na yeyote atakayeuliza habari zangu. Asiyeuliza msalimie pia.

Wako mtiifu,
Domina

Tanbihi: Shemeji, kabla sijaifunga bahasha limetokea jambo. Jumatatu nilipita bustanini kuchukua jembe langu, nikayakuta yale maua yamejikunyata kwenye mawe, hayana hata kiganja cha udongo. Nikayaonea huruma. Unajua mkulima akiona mmea una njaa. Nikayapa samadi ya kuku, ndoo mbili, kama mama alivyonifundisha. Kumbe ni mimea ya ajabu, ukiishibisha inakufa! Leo Hortense ameniita nikaone: karibu yote yameungua na kuoza. Cyprian yuko zamu ghalani Jordbro wiki nzima, bado hajui, na wageni wake wanakuja keshokutwa. Nimekaa juu ya mawe yake nikalia tena, safari hii kwa ajili yake.

Kwa hiyo ombi langu la tatu lifutwe. Naomba kikao kitangaze kwamba jani la Uswidi ni isale halali kabisa, na kitangaze kwa simu, kabla ya Jumamosi; picha ya barua hii nakutumia kwa simu leo hii, bahasha itafuata. Nimekwisha kulichuma. Ndilo pekee lililobaki la kijani.