Utepe wa Kiwanja Namba Kumi na Nne

Sasa hivi binti yangu Lodie ameufungua utepe wa bluu kwenye vile vigingi viwili vya kiwanja namba kumi na nne, akaufunga nyuma ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, na anazunguka meza yangu utepe ukimfuata kama mkia. Nimemwambia aurudishe. Akaniuliza, "Kwani unamzuia nani?" Ana miaka minne. Nikamfuta pua.

Utepe huo naujua. Kila mwaka ukishakatwa huletwa kwangu niushone, na tayari una mishono mitatu. Leo ulikuwa ukatwe mara ya nne. Bi Ardis, katibu wetu, amekwenda kupasuliwa jicho, ndiyo maana daftari liko kwangu, na Bwana Orlan Stensrud, mwenyekiti wa Kamati ya Kukaribisha Wageni, amenisisitizia niandike kila neno lake na pia watu walivyoitikia. Shule yangu haikufika mbali, lakini yeye husema kila jambo mara mbili, kwa hiyo nitamwahi. Tumekaa bandani kwenye viti vya kukunja, karavani zetu kumi na tisa ziko nyuma yetu, ziwa liko mbele. Mwenye kambi ameshasema, viwanja vikibaki vitupu hivi mpaka majani yaanguke, anafunga lango na kuuza ardhi. Mimi na Lodie hatuna nyumba nyingine zaidi ya hii ya magurudumu. Na yeye ndiye mtoto pekee hapa, anacheza na misonobari na kuipa majina. Kwa hiyo leo nasikiliza vizuri. Bwana Orlan ameshasimama.

Waheshimiwa wanakambi wa msimu mzima. Waheshimiwa wanakambi wa nusu msimu. Mheshimiwa mlinzi wa lango, ambaye hayupo langoni kwa sababu nimemwalika hapa. Mheshimiwa fundi wa bomba. Mheshimiwa makamu wangu katika kamati, ambaye kwa bahati njema ni mke wangu, Bi Phyllis. Mabingwa wa mchezo wa kurusha viatu vya farasi wa mwaka jana na wale wa mwaka juzi ambao bado hawajakubali matokeo. Wavuvi wa samaki wa kila ukubwa, na wa kila ukubwa wanaousema. Mbwa wote mliosajiliwa. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, kikosi kazi kitakutana kuizingatia.

(Makofi. Mbwa mmoja amebweka.)

Ndugu wanakambi, nimesimama mbele yenu, na nasema nimesimama kwa sababu wapo viongozi ambao wangekaa, nikiwa na furaha isiyo kifani kuzindua kwa mara ya nne mfululizo Mradi Jumuishi wa Kituo cha Mapokezi ya Wageni Wapya, mradi ambao ulibuniwa na kamati yangu, ukajadiliwa na kamati yangu, ukapongezwa na kamati yangu, na ambao lengo lake kuu, kwa mapana na marefu yake, ni kuhakikisha kwamba kila msafiri mwenye karavani anayepita barabara kuu anageuza usukani, anaingia hapa, na anajisikia amefika kwao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga hao, kwa heshima zote, hawakutuambia huyo mgeni aegeshe wapi, na pengo hilo la kisera ndilo mimi nimelibeba mabegani kwa miaka minne.

(Makofi. Nimepiga na mimi, maana hilo la kujisikia umefika kwenu limenigusa.)

Sasa tuje kwenye takwimu, kwa sababu mimi si mtu wa maneno. Mwaka jana viwanja vyetu vilivyo wazi, tayari kabisa kwa ajili ya mgeni, vilikuwa kumi na nane. Mwaka huu, kutokana na jitihada za kamati, vimeongezeka hadi ishirini na moja. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia kumi na saba ya uwezo wetu wa kukaribisha, na niseme bila kujisifu kwamba hakuna mwenyekiti kabla yangu aliyewahi kuacha nafasi nyingi kiasi hiki. Vilevile, katika zoezi la uhamasishaji wa barabarani, mimi binafsi, nikiwa kwenye kiti changu karibu na lango, niliwapungia mkono wasafiri mia tatu na kumi na wawili, na kati yao wanne walinipungia, sawa na asilimia moja nukta mbili nane, na mmoja alipiga honi.

(Mzee Verlyn wa namba kumi na tatu, jirani yangu, amesema yule wa honi alikuwa yeye, kiti kilikuwa kimeziba njia. Vicheko.)

Tunapokea mchango huo. Ndugu zangu, ili tusijifungie ndani, nilifanya ziara ya mafunzo ya siku tisa katika kambi moja ya kusini, ambako nilishuhudia jambo la kushangaza. Nilifika mchana, bibi mmoja akatoka na kikombe cha kahawa, akanipa, akaninyooshea kidole mahali pa kuegesha, akasema jioni kuna mahindi ya kuchoma. Dakika tatu tu. Niliporejea niliwasilisha ripoti ya kurasa thelathini na moja na kupendekeza iundwe timu ya wataalamu kufanya upembuzi yakinifu wa namna yule bibi alivyofanya, na timu hiyo inaendelea na kazi, na imeomba ziara ya pili.

(Makofi ya wastani. Pikapu nyekundu inayovuta karavani kuukuu imeingia langoni bila mtu wa kuipokea, na inakuja taratibu kwenye njia yetu ya mduara. Anaendesha mwanamke. Kwenye dirisha la nyuma kuna mtoto, msichana, meno ya mbele hana. Mwanamke amesimama kando ya banda, ametusalimu, amesema wao ni akina Quintero, wametoka jimbo la Nebraska, je, hapa wanapokea wageni?)

Mama, umefika mahali penyewe. Kukupokea ndiko tunakozungumzia. Nipo ukurasa wa pili, kwa hiyo nakuomba uzunguke mduara mara moja, ukirejea nitakuwa nimefika kwenye kipengele chako.

(Amezunguka. Lodie amesimama na baiskeli yake, anaitazama ile pikapu kama mtu aliyeona theluji mwezi wa saba.)

Kama nilivyokuwa nikisema, na ninavyosema, changamoto kubwa ya kambi nyingi si ukosefu wa wageni, bali ni wageni kufika kabla ya utaratibu. Kwa muktadha huo kamati imeandaa Mwongozo wa Hatua Saba. Hatua ya kwanza, mgeni hujitambulisha katika Kituo cha Mapokezi, yaani kiwanja namba kumi na nne. Hatua ya pili, hudhaminiwa na mwanakambi wa misimu mitatu anayemfahamu tangu zamani. Hatua ya tatu, hupewa kadi ya ugeni, ambayo ataionyesha hatua ya kwanza.

(Minong'ono. Bi Phyllis amemwambia mumewe, kwa upole tu, kwamba soseji zinaungua. Bwana Orlan amesema soseji ni ajenda namba nane.)

(Pikapu imerudi. Mama Quintero ameuliza kama anaweza kuingia tu kwenye mojawapo ya viwanja vitupu, anaona vipo vingi, na mtoto amechoka, wapo njiani tangu alfajiri.)

Mama, swali zuri sana, na ninakupongeza kwa kuuliza. Hivyo viwanja vingine ishirini kweli ni vya wageni, lakini huwezi kuvifikia mpaka upite kituoni, na kituo ni hicho kimoja chenye utepe, na utepe haupitwi mpaka ukatwe, na haukatwi mpaka nimalize, na namalizia na shukrani, ambazo ni ndefu kwa sababu nina watu wengi wa kuwashukuru. Zunguka tena, mama. Jisikie uko nyumbani.

(Mama Quintero amepandisha kioo. Yule msichana ameuona ule utepe nyuma ya baiskeli ya Lodie, akabandika kiganja kwenye dirisha. Lodie amempungia mkono kwa nguvu mpaka karibu aanguke.)

(Mzee Verlyn amesema: "Orlan, wale watu wanaondoka.")

Mzee Verlyn, maswali ni baada ya hotuba, na mwaka huu hakuna muda wa maswali.

("Siulizi. Nakwambia. Tazama taa za nyuma." Ni kweli. Pikapu haikuzunguka, imeelekea langoni na kusimama pale, taa nyekundu zinawaka. Nadhani wanashauriana. Hapa kwetu gari likirudisha karavani nyuma, watu wote hugeuza viti watazame, ndiyo sinema yetu ya jioni, na hakuna anayenyanyuka kusaidia kwa sababu aliye ndani ataona aibu. Mimi siku ya kwanza niligonga nguzo ya taa mara mbili, Lodie akiwa na miezi mitano kwenye kiti cha nyuma, na viti kumi na viwili vilinitazama. Leo Mzee Verlyn amekikunja kiti chake. Amemshika Lodie bega, wanaondoka pamoja, yeye na fimbo, mtoto na baiskeli, wanaelekea langoni, utepe ukiwafuata.)

Naona mzee wetu anakwenda kunyoosha miguu, ni haki yake ya msingi. Ndugu zangu, wapo wanaoniuliza mitaani, Mwenyekiti, mbona kila mwaka unazindua? Nami huwajibu kwamba kitu kizuri hakizinduliwi mara moja. Mwaka wa kwanza tulizindua wazo. Mwaka wa pili tulizindua kamati ya wazo. Mwaka wa tatu tulizindua kibao, ambacho upepo ulikichukua kikiwa bado kizuri. Na mwaka huu naomba nitamke kwa fahari kwamba maji ya kituo yapo katika hatua ya bomba, bomba lipo katika hatua ya nguzo, nguzo ipo katika hatua ya barua, na barua nimeshaichagulia karatasi.

(Makofi machache. Watu wanageuza viti, lakini si kwa Bwana Orlan. Karavani ya akina Quintero imegeuka langoni, inafuata baiskeli.)

Nawaomba tusome pamoja kaulimbiu iliyo kwenye karatasi mliyopewa. Mimi naanza. Mgeni akija?

(Watu: "Tumkaribishe.")

Akikaribishwa?

(Watu: "Tupone.")

Akaribishwe wapi?

(Watu wanageuza karatasi zao, hapo pameachwa wazi. Bi Phyllis amechukua sahani, ameweka soseji nne na saladi ya viazi, amemwambia mumewe, "Orlan, mimi nawapelekea chakula. Wewe malizia," akaenda.)

Kambi hoyee! Wageni hoyee! Hatua Saba hoyee!

(Hoyee moja, ya mlinzi wa lango.)

Kwa kuhitimisha, na hapa nahitimisha kweli, napenda kumshukuru mwenye kambi kwa subira yake, ambayo amenijulisha kwa maandishi kwamba inaisha mwezi wa kumi. Nawashukuru wajumbe wote wa kamati, ambao ni mimi, na Bi Phyllis aliyetoka. Namshukuru mama Lodie kwa uzi wake imara. Lakini kipekee, kutoka sakafu ya moyo wangu, nawashukuru wageni wapya, ambao kwa miaka minne mmetuunga mkono kwa kutokuja, maana mngekuja ingebidi tuwaambie kwamba namba kumi na nne haina maji, haina umeme, haina hata kokoto, na kwamba Kituo cha Mapokezi, ukiutoa ule utepe, ni majani. Asanteni sana. Na sasa, wapendwa, naomba mkasi, tugeuke tukaukate.

(Tumegeuka. Vigingi viwili vipo, utepe haupo. Katikati ya vigingi inapita karavani ya Nebraska, inarudi nyuma inchi kwa inchi. Mzee Verlyn anaivutia maji kwa mpira kutoka kiwanjani kwake. Fundi wa bomba amenyanyuka. Mlinzi wa lango amenyanyuka. Lodie na yule asiye na meno wamekaa juu ya baiskeli moja, na sijui wanaambiana nini, ila mwanangu ninamsikia akicheka kutoka hapa.)

(Bwana Orlan amesimama na mkasi wake. Kisha ameniinamia akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, sikuwahi kuisikia: "Umeandika kwamba kimefunguliwa?" Nikasema ndiyo, naandika. Akauliza, "Wana watoto wangapi?" Nikamwambia mmoja. Ameuweka mkasi mezani kwangu na anakwenda kule, anakunja mikono ya shati.)

Kwa hiyo naandika, kwa kumbukumbu za kambi, kwamba kiwanja namba kumi na nne kimefunguliwa leo Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, na Lodie, binti yangu, miaka minne, kwa

(Mzee Verlyn ananiita: "Mama Lodie! Achana na hilo daftari, mti wa kushoto siuoni, njoo umwelekeze mwenzio.")

kwa kuufungua utepe kwa mikono yake, na wageni waliopokelewa ni wawili, na mmoja wao ni mtoto, na kwa hiyo mimi naona kambi hii mwakani ita — nakuja, Mzee, nakuja, mwambie akate usukani kuli —