Kinyoya Kilichoangukia Katikati

Jumatatu, Agosti 4

Habari mbaya. Ukumbi wa zamani unafungwa, utakuwa ghala la mahindi. Kabla ya hapo, Jumamosi, mashindano ya mwisho ya badminton. Wachezaji wa zamani tu, wawili wawili. Nimesoma tangazo mara tatu pale ukutani, upepo ukilipigapiga. Humo ndimo mimi na Waqo, mwenzangu wa uwanjani, tulimojifunza kucheza, madirisha yamezibwa kwa magunia, maana upepo wa Isiolo ukiingia, kinyoya tunachopiga hakirudi upande wako, kinaelekea Garbatulla. Viatu tulikuwa tunaazimana.

Watu hawaamini kwamba hiyo ilikuwa kazi yangu kabla ya kuuza misumari na rangi hapa mtaani Bulla Pesa. Kiwanda kimoja cha Nairobi kilituajiri miaka sita, tucheze tu. Yeye nyuma, mimi kwenye wavu. Halafu fainali ya Kampala, 2001. Pointi ya mwisho. Kinyoya kikashuka katikati yetu, kila mmoja akimwachia mwenzake, kikaanguka. Nikatangaza mbele ya watu kwamba kilikuwa chake kukipiga. Hatujaongea tangu siku hiyo. Miaka ishirini na minne.

Namtaka Waqo Jumamosi. Karimi, mke wangu, anasema nimpigie simu. Nimekataa. Nikipiga mimi, itakuwa nimekubali kosa. Kosa ambalo ni lake.

Jumanne, Agosti 5

Nimepata njia! Isnino, dada yake Waqo, huuza maziwa ya ngamia sokoni. Nimepita kwake nikikohoa, nikamwambia kwamba siku hizi mwili hauko sawa. Basi. Nawajua Waborana, watu wa kwao: mgonjwa lazima atembelewe, hata kama mmekosana. Waqo atakuja. Nitapata nafuu mbele ya macho yake. Nitataja ukumbi kama jambo la kupita tu, na yeye mwenyewe ataomba tucheze. Sitakuwa nimeomba chochote.

Karimi ameuliza simu ina ubaya gani. Hajui mbinu. Hajawahi kucheza wawili wawili.

Jumatano, Agosti 6

Habari za kwenda Garbatulla, anakoishi Waqo siku hizi, hubebwa na madereva wa malori ya mbuzi, na barabara ni ndefu. Huku niliondoka na kikohozi. Kule nikafika mahututi, nimekata kauli.

Alasiri nilikuwa uani na raketi yangu ya zamani, nikijipasha misuli. Karimi akachungulia langoni, akasema kuna gari limejaa wazee. Nikaruka kitandani na viatu, raketi ndani ya blanketi.

Waqo akaingia. Ndevu zimepakwa hina, na amepata tumbo, lakini anasimama vilevile, mguu wa kushoto mbele, kana kwamba anangoja kinyoya. Akanitazama, macho yakamlowa. Nilitaka kuamka nimkumbatie. Sikuweza, nilikuwa na viatu.

Wazee watatu wakaniombea dua ndefu. Kisha Waqo akatoa chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo, yaliyoyeyushwa, bado moto. Dawa ya kwao. Akasema yanaosha tumbo la mtu hata kama madaktari wamemkatia tamaa. Kikombe kizima. Nikanywa, ningefanyaje?

Akiaga ndipo akanieleza. Jana alipigiwa simu na Marete. Marete, muuza miraa! Mchezaji wetu wa akiba, ambaye Nairobi alikuwa akitubebea chupa za maji! Alipiga tu, akamwomba wacheze Jumamosi. Waqo alikuwa amekataa kwa heshima yangu. Ila kwa kuwa sasa siwezi hata kusimama, amekubali, atacheza kwa niaba yangu. Nikamshukuru kwa sauti dhaifu.

Alhamisi, Agosti 7

Choo.

Ijumaa, Agosti 8

Choo, kisha kitanda. Sasa ni mgonjwa wa kweli, na hakuna gari la wazee. Karimi ananipikia uji bila kusema neno. Heri angesema.

Dirishani nimemwona Marete akipita mbele ya duka akiwa na kaptura nyeupe. Mtu wa miaka hamsini na tatu.

Nimetoa picha yetu ya Kisumu, 1998. Kombe dogo, tumelishika sote, kila mmoja sikio lake. Nakumbuka mabasi ya usiku kucha, kichwa changu begani kwake, na yeye halali ili tusipitishwe kituo. Nakumbuka Ramadhani, nikimngojea jua lizame ndipo tule pamoja, ingawa mimi ni wa kanisani. Nimemkumbuka sana. Naandika hapa kwa sababu Karimi hasomi daftari hili.

Jumamosi, Agosti 9

Nilipelekwa ukumbini nimejifunika blanketi, joto lote lile, nikaketishwa mbele na wazee. Wapinzani, walimu wawili wastaafu wa Meru. Seti ya kwanza Waqo na Marete wakashinda. Ya pili wakashindwa. Ya tatu Marete akaruka kama kijana, na msuli wa mguu ukamkatalia. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Waqo akanigeukia. Hakuuliza kama nimepona. Akasema, "Mugendi, toa hiyo blanketi, kuja tucheze."

Nikalitoa. Ndani nilikuwa na jezi, na raketi mkononi. Ukumbi mzima ukacheka. Refa akaruhusu, maana ilikuwa siku ya kuaga.

Miguu ilikuwa mizito, ila mikono ilikumbuka. Yeye nyuma, mimi kwenye wavu. Sikuhitaji kugeuka kujua alipo. Kwa dakika kumi hivi nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Pointi ya mwisho, mtu aliyeshindwa na joto akavuta gunia moja dirishani. Upepo ukaingia. Kinyoya kikasita hewani, kikashuka katikati yetu. Nikamwachia. Akaniachia. Kikaanguka.

Waqo akacheka mpaka akaketi sakafuni. Nami nikaketi.

Baadaye, nje, akaniambia alijua tangu Jumatano: viatu vyangu vilitokeza chini ya blanketi. Mafuta yalikuwa adhabu. Kisha akasema kile cha Kampala kilikuwa chake kweli, kimemkaa rohoni miaka yote, alikuwa anangoja nimwite aniambie. Akanipa nambari yake. Akasema safari nyingine nipige simu tu. Nikaapa.

Nikamwambia nimemsamehe.

Jumapili, Agosti 10

Novemba kuna mashindano ya wazee huko Meru. Karimi ameniwekea simu mkononi, nambari ya Waqo tayari imefunguliwa, kisha akaenda kanisani.

Nimeitazama mpaka ikazimika. Tatizo ni hili. Kile cha Kampala kilikuwa changu. Nilikiona kikija, kilikuwa hatua moja tu kutoka kwangu, nilikuwa nimechoka nikakiacha. Lazima nimwambie. Lakini neno kama hilo halisemwi kwa simu, husemwa ana kwa ana. Kwa hivyo lazima aje mwenyewe.

Kesho nitapita kwa Isnino nikichechemea. Mguu hautibiwi kwa mafuta ya kondoo.