Dirisha la Chumba cha Nell

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu Nell kakohoa tena. Chumba chake cha darini kina giza mchana kweupe, na ukutani ukungu. Wafumaji wa vitambaa walioijenga nyumba hii zamani walijipangia madirisha tele upande wa mbele. Nyuma hawakutuachia hata tundu! Afisa wa majengo ya kale kakataa katakata. Nyumba ya mawe ya umri huu haiwekwi dirisha jipya. Sawa. La zamani je?

Jumatano, 5 Machi
Nimelipata! Nimebandua karatasi ya ukutani: jiwe refu limelala juu, chini yake mawe madogo yamejazwa. Dirisha lililozibwa! Watu wa kale si waliziba madirisha kukwepa kodi iliyotozwa kwa kila dirisha? Nitalizibua tu. Mume wangu, Howard, kauliza kama huo si ukuta wa jirani. Nikamwambia atumie macho: safu yetu ya nyumba inateremka mlima kama ngazi, paa la jirani, Bi Sugden, liko chini ya letu. Nyuma ya ukuta ni hewa tupu. Akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nell kalala. Patasi, nyundo. Chokaa laini kama keki. Jiwe likatoka. Nikangoja upepo. Ikaja harufu ya dawa ya kufukuza nondo wanaokula nguo! Nikaingiza mkono, nikavuta. Sketi ya sufu! Paa la Bi Sugden liko chini kweli. Kidogo tu! Sauti yake kutoka ndani ya kabati lake la nguo ikasema kama nimeishiwa maziwa, mwanangu, mlango wa mbele upo, na sketi ya kanisani irudi ilikotoka.

Ijumaa, 7 Machi
Bi Sugden kaja na keki ya tangawizi na uso wa hakimu. Si dirisha, kasema, ni mlango. Zamani dari la safu nzima lilikuwa moja. Wafumaji walipitisha vitambaa nyumba hadi nyumba bila kulowa mvua. Nikasahau aibu. Nikauliza mitambo yao ya kufumia ilipandaje ngazi nyembamba hizi. Akaenda kusogeza kabati, tukachunguliana tunduni kama watoto. Mwanga wake ukamwangukia Nell shavuni. Nikaomba tundu libaki, japo dogo. Kasema anampenda Nell, ila yeye havui nguo mbele ya Howard. Nikaapa kutogusa ukuta tena.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kaziba. Giza limerudi, kikohozi nacho. Wakati wa chai fundi kaniambia mabamba ya mawe ya paa letu yameangikwa kwa vigingi vya mti tu. Vigingi tu! Bamba moja litoke, kioo kiingie, nani atajua? Niliapa ukuta. Paa si ukuta.

Ngazi nimeshaiazima. Kwa Bi Sugden.