Ndoano Katika Sekunde Tatu

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu anataka kuhama! Mapazia yake yasipopata wateja hadi mwisho wa mwezi, anarudi kiwandani alikokuwa zamani, mji wa mbali, kushona sare. Nikamwambia fundi kama yeye hajazaliwa mwingine. (Nimemzaa mimi, najua.) Akasema ukurasa wake una wafuasi elfu mbili lakini hakuna anayeuliza bei. Picha hazitazamwi tena. Siku hizi ni video fupi, kisha watu wanaulizana kwenye makundi yao ya simu.

Makundi! Mimi nimo kwenye kumi na moja.

Jumatano, 5 Machi
Nimetuma picha arobaini kila kundi. Kwaya wamenitoa. Wazazi wa shule ya msingi wamenitoa. Sawa, mwanangu alimaliza pale zamani. Mafundi bomba, ambao sijui hata niliingiaje kwao, ndio pekee waliojibu: wameuliza kama pazia linazuia maji. Jirani, yule Mama Mtandao ambaye mwanawe anauza simu, kaniuliza kama nimeibiwa namba. Nikamwambia aangalie sufuria yake.

Alhamisi, 6 Machi
Binti hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya. Alikaa kwenye cherehani akacheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akanieleza taratibu: watu wanapitisha kidole tu. Video isipokuwa na ndoano sekunde tatu za mwanzo, wameshapita. Akaniomba nisitume picha nyingine bila kumwambia. Nikaapa.

Ndoano! Mbona hakusema mapema? Ninazo kopo zima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejirekodi. Kiganja kimejaa ndoano za pazia. Nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nikasema ndoano mmeziona, sasa tazameni pazia la mwanangu, mshono umenyooka kama uzi wenyewe. Mkinunua, hahami. Nimetuma. Kiapo kilikuwa cha picha, hii ni video.

Jumapili, 9 Machi
Watu elfu thelathini! Wanacheka, lakini wanatumiana, wanauliza bei, upana, rangi. Binti amepata oda za madirisha kumi na tisa. Akanieleza kuwa ndoano ni lile neno la kumnasa mtazamaji asipite. Nikasema nilijua, nilikuwa nampima. Akanikumbatia, kipande cha uzi mwekundu kwenye nywele zake, sikukitoa ili asiniachie. Haendi kokote mwanangu! Akaniomba sasa nisitume kitu chochote, cha aina yoyote. Nikaapa tena.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetuma kidogo tu. Si yeye aliyesema jana kuwa wateja wa sasa wanataka kumjua fundi kabla ya kununua? Basi waje wamjue! Nimewaalika wote elfu thelathini nyumbani kwetu, kila mtu na vipimo vya madirisha yake. Mama Mtandao ataleta viti, sijamwambia bado. Binti naye sijamwambia, nisije nikamharibia furaha. Jumamosi hii, saa nne asubuhi.