Ombi la Kuhukumu Vijidudu vya Tumbo Langu Badala Yangu

Karuba, tarehe 9 Juni

Kwa Papa Barthélemy, baba wa mke wangu na mkubwa wa baraza la familia, Walikale.

Papa mheshimiwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe pamoja na mama mkwe. Huku Karuba viazi vimetoka vizuri, ng'ombe wanatoka asubuhi na kurudi jioni, na mvua inatoka inapotaka. Asiyetoka kitu ni mimi peke yangu.

Najua mkwe haongelei tumbo lake mbele ya wakwe. Tangu ndoa yetu sijathubutu hata kupiga mwayo mbele yako. Lakini baraza lako limejadili tumbo langu mchana kutwa bila mimi kuwepo, kwa hiyo nimeiachia karatasi, isiyojua haya, inisemee.

Uamuzi wenu juu ya mke wangu, aliyekuja kwenu kujifungua, nilipashwa na shemeji yangu Prince kwa simu: "Bofrère, wazee walishakata. Joséphine-Marie na mutoto wanabakia huku mpaka ile dawa ikukubali. Dawa ya nyumba haikatalake muntu ya nyumba." Dawa yenyewe ni lile ganda la mti ambalo mama mkwe alinitumia tumbo langu lilipofunga. Kwenu limemsaidia kila mtu, hata katekista. Mimi halikunifanya kitu. Ndipo mkasema kwamba naficha ubaya moyoni, na kwamba binti yangu Nicole, aliyezaliwa kwenu na ambaye nimemwona katika picha ya simu tu, asikabidhiwe baba ambaye tumbo lake linakataa ukoo.

Papa, mmemshtaki asiye na kosa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshtakiwa wa kweli hajaitwa. Tarehe 22 Mei niliandika katika shajara yangu maneno ya Mama Emérita, infirmière, muuguzi wa kituo chetu cha afya: "Papa Straton, dawa mingi ya miti inafikaka yenye kufungwa. Vidudu vya mu tumbo njo vinaifunguaka. Kama haviko, itapita tu sawa gari bila muzigo." Yaani nguvu ya dawa imefungwa kama fromage, jibini letu la sokoni, na mwili wenyewe haujui kukata kamba. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinaishi katika utumbo, na kazi hiyo ni yao. Ikiwa dawa yenu haikufunguliwa, aulizwe mfunguaji. Mimi ni mwenye nyumba tu.

2. Vijidudu vya watu havifanani. Vya kwenu vimelelewa kwa nyama ya pori, sombe ya majani ya muhogo, uyoga na maganda ya miti tangu utotoni. Vyangu vimekulia viazi, maharagwe na maziwa ya kuganda. Vikiona ganda lenu vinaliangalia kama ng'ombe anavyoiangalia misa: kwa adabu, bila kuelewa. Huwezi kumpa mchunga ng'ombe mtego wa nguruwe pori, halafu umwite mchawi kwa sababu amerudi bila nyama.

3. Vingi kati ya vyangu ni marehemu. Mwanzoni mwa mwaka nilikuwa na kikohozi, nikameza vidonge vya antibiotiki mpaka boksi likaisha. Mama Emérita anasema vidonge hivyo vikiingia tumboni haviulizi nani adui na nani mkaaji, vinafukuza wote. Vijidudu nilivyobaki navyo ni wakimbizi. Ninyi mnaopita kambi ya Kashuga mnajua mambo haya: mtu aliyefika kambini jana humpi jembe leo na kumwuliza mavuno yako wapi. Tumbo langu mmelitendea hivyo hasa.

4. Jambo hili linaniuma kusema. Siku ya mahari, wazee wenu walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mrija mmoja, ukitoka mdomo huu kuingia mdomo ule, na hivyo vijidudu vikapata njia ya kutembeleana. Nilipofikiwa, ukasema mkwe anaheshimiwa, nikapewa kibuyu changu na mrija wangu, kando, kama mgonjwa wa kipindupindu. Niliona fahari. Leo naelewa kwamba siku ile mlininyima mbegu, na sasa mnanidai mavuno.

5. Dawa hii haifai kuwa hakimu wa mioyo. Ilimkubali jirani yenu Hubert mara moja, na Hubert ndiye aliyekuuzia mbwa wa kuwinda anayeogopa kuku. Ikiwa tumbo kufunguka ni ushahidi wa moyo safi, basi mbuzi wangu ni watakatifu wote, na nashangaa kanisa halijawapa sikukuu.

6. Uaminifu wangu hauna shaka. Mama mkwe alituma maneno machache: kikombe kimoja, vuguvugu, asubuhi kabla ya chai. Nimefuata. Kila asubuhi nimekunywa mbele ya shahidi, jirani yangu Mama Nyiraneza, ambaye aliniambia akiwa ameziba pua: "Weye Straton, muntu anakunywa kitu inanuka vile, anatafuta kupona ao anatafuta jeneza?" Nikakunywa. Uchungu wake ulikaa mdomoni mpaka jioni, na watu walianza kunisalimia wakiwa mbali.

Kwa hiyo naomba baraza likutane tena na kuvihukumu vijidudu vyangu badala yangu. Nilipendekeza kwanza Prince aje kuishi nami msimu mmoja, tule sahani moja na kunywa mrija mmoja, mpaka vijidudu vya Walikale vihamie kwangu. Alijibu: "Bofrère, miye siko mbuzi ya kukomboa tumbo ya muntu." Sikumlaumu. Lakini sasa amebaki mtu mmoja tu mwenye vijidudu vya ukoo wenu na aliyezoea kula nami: Joséphine-Marie. Tena Mama Emérita anasema mtoto anapokea vijidudu vyake vya kwanza kutoka kwa mama, wakati wa kuzaliwa na katika kunyonya. Basi hata Nicole, ambaye hajaota jino, ana ujuzi wa dawa zenu kunizidi mimi mwenye diploma. Kuwazuia hao wawili mpaka nipone ni kumfungia mganga mpaka mgonjwa apone.

Nakuomba uwaruhusu waje, njia ikiwa bado salama. Nitakuja kuwapokea popote utakaposema.

Wasalimie wote wa nyumbani, majirani, na katekista kwa kufunguka kwake. Wasalimie pia wale walioinua mkono dhidi ya tumbo langu. Nawasamehe, ila wasinialike chakula kwa sasa, sina mahali pa kukiweka.

Mimi mkwe wako mtiifu na mzito,
Habumugisha Straton

N.B. Motari alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki ili aichukue barua hii wakati Joséphine-Marie alipopiga simu. Nimemsomea yote. Akacheka mpaka Nicole akaamka na kulia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti ya mtoto wangu. Halafu akasema: "Straton, uliikunywa? Yote? Ile haiko ya kunywa! Banaipitishaka nyuma!" Kumbe mama mkwe hakuweza kumtajia mkwe mahali hapo, akamtuma Prince aseme, Prince naye akaona haya, akasema nitaelewa mwenyewe. Na kile kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba kilichokuja pamoja na ganda, ambacho nimekuwa nikimiminia pilipili juu ya maharagwe, kilikuwa ndicho chombo chake. Nimekwenda kwa Mama Emérita; anasema vijidudu vingi zaidi vinakaa huko chini kabisa, basi havina kosa lolote, vilikuwa vinangojea mzigo uliokuwa ukipitia kwingine. Malalamiko yangu yote sita nayafuta. Lakini ombi la kuletewa mke wangu upesi nakuomba usilifute, Papa, kwa maana kazi iliyobaki mtu hawezi kujifanyia peke yake, na Mama Nyiraneza amekataa.